Tomu inayoshuka kwenye dramu za zamani

Ndugu wa Shangani, umeuliza kwa nini tomu (ngoma ndogo inayoshikiliwa juu ya dramu kubwa) inashuka. Ikishuka katikati ya pambio na nati ya kuishikilia umeikaza mpaka mwisho, mara nyingi tatizo liko ndani. Vua ngozi, mulika: utakuta boliti za kishikio (chuma kinachoshika tomu) zimelegea au mbao imebonyea. Kata washa (duara lenye tundu la boliti) kwenye tyubu kuukuu ya baiskeli, iweke kati ya kishikio na mbao. Kwa ndani weka washa pana ya chuma. Kaza kwa mkono, spana mwishoni kidogo tu.

Chumvi ya bahari hapa Mtwara inakula uzi (mikato ya mzunguko) wa boliti. Sugua kwa mswaki wenye mafuta ya taa, yasiguse vanishi, kisha grisi.

Tafadhali usilazimishe nati! Boliti za dramu za Ludwig za Marekani ni za inchi. Nati ya milimita itaua uzi. Ukiona ufa, mwone seremala kwanza.