Kabla hujaandika jina kwenye sahani

Wadogo zangu mlioanza kazi maabara msimu huu, inkubeta imejaa sahani za viazi vya Umalila na Isyonje, na majina mengi ya bakteria mliyoyaandika itabidi yafutwe. Nawapenda, ila kwa hili tusikilizane.

1. Jenasi herufi kubwa, spishi herufi ndogo, yote italiki, yaani herufi za kulala. Kwa kalamu, pigia mstari kila neno peke yake. "sp." hailazwi.

2. Hapa ndipo panapouma. Shina limenyauka lingali kijani, mmelikata na kulining'iniza kwenye glasi ya maji safi, na ndani ya dakika chache nyuzi za rangi ya maziwa zimeteremka: ni bakteria wa mnyauko. Vizuri. Kwenye agari ya TZC, chakula cha kuoteshea bakteria hao, saa 48 kwa nyuzi 28, koloni zimetoka nyeupe, tepetepe, waridi katikati. Vizuri sana. Kisha mkasoma 16S, jeni inayotumika kutambulisha bakteria, kompyuta ikaleta ulinganifu wa asilimia 99 na ushee, mkaandika *Ralstonia solanacearum* na kufunga faili. Jamani! Tangu 2014 jina hilo limegawanywa kwa filotaipu, yaani makundi ya kijeni: filotaipu II ndiyo iliyobaki *R. solanacearum*, I na III ni *R. pseudosolanacearum*, IV ni *R. syzygii*. 16S zao zimekaribiana mno, haziwezi kuwatenganisha. Ulinganifu ukishuka chini ya asilimia 98.7, hiyo ni spishi nyingine. Ukipanda juu, bado hujajua. Endesheni PCR ya filotaipu, kipimo cha kunakili DNA kinachoonyesha kundi, au someni jenomu nzima na kuilinganisha na streini ya kielelezo, ile iliyobeba jina rasmi: ANI, wastani wa ufanano wa jenomu mbili, ikifika asilimia 95 hadi 96, ni spishi moja. Kabla ya hapo andikeni *Ralstonia* sp. Mkulima anangoja jibu hilo. IIB-1, tawi la filotaipu II linalovumilia baridi ya milimani, hushika zaidi viazi na nyanya, na husafiri kimyakimya ndani ya mbegu. Filotaipu I hushambulia mazao mengi zaidi. Jina likikosewa, na ushauri wa kubadilisha mazao unapotoka.

3. Ukikuta *Pseudomonas solanacearum* kwenye jalada la zamani, usifungue faili jipya. Ni huyuhuyu wa mnyauko: 1992 akahamishiwa *Burkholderia*, kisha *Ralstonia*. Jenasi ilibadilika, lakini jina la *solanacearum* akabaki nalo, kwa kuwa jina la spishi lililotangulia kihalali ndilo lenye haki.

4. *Salmonella* Typhi: T kubwa, hailazwi. Ni serova, aina inayotofautishwa kwa antijeni zake, ndani ya *S. enterica*, si spishi.

5. Andikeni kwenye kitako cha sahani. Vifuniko hubadilishana.