Pampu inanguruma, maji hayapandi

Ndugu wa Njoro, unasema pampu yako ya petroli ya inchi 2 inanguruma tu, maji hayatoki kisimani, na boksi limeandikwa inavuta mita 8. Kabla hujamlaumu aliyekuuzia, funga jiwe kwenye kamba upime kutoka pampu ilipokaa hadi uso wa maji, si hadi sakafu ya kisima. Hizo mita 8 ni za usawa wa bahari. Njoro, kule Nakuru, iko zaidi ya mita 2,000 juu, kanieneo ya hewa (msukumo wake ndio unaopandisha maji kwenye paipu) ni ndogo. Ukipita mita 6 za kuvuta, sahau. Kusukuma maji juu kutoka kwenye pampu ni habari nyingine.

Ukipata chini ya mita 5, kuna hewa inayoingia kwenye paipu ya kuvuta. Jaza maji kwenye pampu kabla ya kuwasha, kaza klipu za paipu, safisha valvu iliyo mwisho wa paipu (jani moja huizuia kufunga). Paipu ya kuvuta iwe ngumu. Ule mpira bapa hujibana wenyewe.

Ikizidi 6, tafuta pampu ya sola ya kuzama majini. Usiteremshe injini kisimani kamwe: moshi wake unaua, na anayeshuka kumwokoa aliyezidiwa naye hufa.