Hotspoti haionekani kwenye simu ya zamani

Unasema umewasha hotspoti (kugawa intaneti ya simu kwa Wi-Fi) kwenye simu mpya, lakini ya zamani haiioni. Simu yako ya zamani si mbovu, ndugu. Hiyo mpya inarusha hotspoti kwa masafa ya GHz 5, na simu nyingi za bei nafuu zina Wi-Fi ya GHz 2.4 peke yake, ndiyo maana jina la mtandao halitokei kabisa hata ukiziweka meza moja. Ingia mipangilio ya hotspoti, tafuta sehemu ya bendi (yaani masafa), chagua GHz 2.4. Kwa iPhone, kuanzia 12, washa "Maximize Compatibility" ndani ya Personal Hotspot. Natengeneza simu, na hili naletewa mara nyingi sana. Kasi inaweza kushuka, hasa mahali penye Wi-Fi nyingi za majirani, lakini GHz 2.4 hupenya kuta vizuri zaidi.