Nilifeli saikolojia kwa kukariri, nikaja kuielewa nilipojiangalia mwenyewe

Juzi usiku nimepokea meseji ya mwanafunzi mmoja yuko sekondari ya juu. Kwa ufupi kaandika: dada shikamoo, saikolojia nimesoma noti zote, majina yote nayajua, Pavlov, Skinner, Piaget, hakuna nisiyemjua, lakini matokeo yametoka alama zangu ziko chini hata ya mwenzangu ambaye hasomi kabisa, nakosea wapi? Nilitaka nimjibu mistari miwili nilale, nikashindwa. Hiyo meseji ningeweza kuiandika mimi nilipokuwa na umri wake, yote kama ilivyo. Kwa hiyo mdogo wangu nakujibu hapa, na wengine mlio kwenye shimo hilohilo someni.

Mimi somo hili nililichagua nikidhani nitafundishwa kujua watu wanawaza nini. Najua wengi wenu mmeingia na hamu hiyohiyo. Halafu unafungua daftari unakutana na Wilhelm Wundt na maabara yake ya saikolojia ya Leipzig mwaka 1879, unageuza ukurasa unakutana na mbwa wa Pavlov waliozoea kengele inalia kabla ya chakula mpaka wakawa wanatoa mate kwa kengele peke yake, unageuza tena tarehe, jina, maana ya neno, tarehe, jina. Nikasema basi, kumbe ni somo la kukariri, na kukariri mimi naweza. Nikakariri kweli, ungeniamsha saa nane usiku ukaniuliza maana ya uimarishaji hasi ningekutajia bila kukosa hata neno.

Mtihani ukaja na swali moja ambalo silisahau. Mtoto analia, mama anampa simu achezee, mtoto ananyamaza. Siku zinavyokwenda mtoto analia mara nyingi zaidi na mama naye anatoa simu haraka zaidi. Eleza kinachotokea. Mimi nikaandika kwa kujiamini kabisa kwamba uimarishaji hasi ni pale mama atakapoamua kumwadhibu mtoto, kwa sababu hasi si ni ubaya? Mwalimu akarudisha karatasi, akashika yangu, akaisoma jibu zima mbele ya darasa. Watu wakacheka. Miaka imepita lakini nikiukumbuka ule mcheko masikio bado yanapata moto, na mpaka leo nasema mwalimu hana sababu ya kufanya vile, kosa angenionyesha pembeni ningelielewa vilevile.

Jibu lenyewe ni hili, na lishike vizuri kwa sababu hapa wanaanguka wengi. Chanya na hasi kwenye kazi za Skinner, yule aliyechunguza jinsi matokeo ya tabia yanavyoiongeza au kuipunguza, hazihusu uzuri na ubaya, chanya ni kitu kimeongezwa, hasi ni kitu kimeondolewa. Uimarishaji maana yake tabia inaongezeka, adhabu maana yake tabia inapungua. Sasa rudi kwa mama na mtoto. Mtoto kalia, kaongezewa simu, kulia kumezidi: huo ni uimarishaji chanya. Mama katoa simu, kelele imeondoka, kutoa simu kumezidi: huo ni uimarishaji hasi, na anayeimarishwa ni mama! Yaani wote wawili wanafundishana bila kujua. Na mama akija kumnyang'anya simu ili aache kumpiga mdogo wake, na kweli akaacha, hapo kitu kimeondolewa na tabia imepungua, ni adhabu hasi. Mimi maana za maneno yote manne nilikuwa nazo kichwani, ila sikuwahi hata siku moja kuziweka juu ya mtu aliye hai.

Baada ya siku ile nikaanza kukwepa kipindi. Kila kikikaribia tumbo linabana, mikono inalowa jasho, naomba ruhusa, naondoka, na nikishafika nje tu mwili wote unatulia. Wiki kadhaa zikapita hivyo (sizisimulii zote, hazina kipya, ni kutoroka na kujificha tu). Siku moja nimekaa na daftari peke yangu, nasoma ukurasa wa Pavlov kwa mara ya sijui ngapi, nikasimama ghafla. Chumba cha darasa zamani hakikunifanya chochote, kilikuwa kichocheo kisicho na maana yoyote kwangu. Kikaunganishwa na aibu mara moja tu, tena aibu kali, sasa chumba chenyewe kinanibana tumbo. Huyo mbwa ni mimi! Halafu natoka, tumbo linaachia, kwa hiyo kesho natoka tena. Kitu kibaya kimeondolewa, tabia imeongezeka. Uimarishaji hasi, neno lilelile lililofanya nichekwe mbele ya watu, ndo lilikuwa linaniendesha kila siku.

Nilikuja kujua baadaye kwamba mwanasaikolojia Mowrer alishaeleza jambo hili mwaka 1947, kwamba hofu tunajifunza kwa kuhusisha, halafu inadumu kwa sababu kukwepa kunatupa nafuu. Lakini mimi nililipata kwenye tumbo langu kwanza, na kitu ulichokipata hivyo hakitoki kichwani. Nikaelewa pia dawa yake, maana Pavlov mwenyewe alionyesha kwamba kengele ikilia mara nyingi bila chakula, mate yanapungua mpaka yanakoma. Nikarudi darasani. Siku za kwanza zilikuwa ngumu sana, zikafuata za nafuu, na kuna siku baada ya likizo tumbo likabana upya nikaogopa kwamba nimerudi mwanzo, kumbe hata hilo lipo kwenye kitabu, mwitikio uliozimika unaweza kuibuka tena baada ya muda. Sikutoka nje. Ukapita.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ndo huo, kila neno jipya litafutie tukio lako wewe. Usitumie mfano wa kitabu, wa kitabu wanao wote. Jiulize tabia ni ipi, baada yake kilitokea nini, na siku zilizofuata ikaongezeka au ikapungua.

Kuhusu kusoma noti mara tano tano, na hili nalo nilikuwa bingwa wake, jamani tuache. Mwanasaikolojia Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana akachapisha matokeo mwaka 1885, na ukiyachora unaona kwamba kusahau kunaenda kasi sana mwanzoni halafu kunapungua, kwahiyo ule usomaji wa usiku kucha unaukabidhi kwenye sehemu mbaya kabisa ya mchoro huo. Watafiti Roediger na Karpicke mwaka 2006 waliwapa watu vifungu vya kusoma, wengine wakarudia kusoma, wengine wakafunga na kujipima wanakumbuka nini. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma ndo walikuwa mbele. Baada ya wiki moja waliojipima ndo walikuwa mbele. Sasa we mtihani wako uko baada ya dakika tano? Kurudia kusoma kunakupa hisia ya kujua, na hiyo hisia ndo iliyotudanganya wewe na mimi. Funga daftari, chukua karatasi tupu, andika unachokumbuka pamoja na tukio lako, kisha fungua uone ulichoacha. Kesho rudia, keshokutwa acha, wiki ijayo rudia.

Majaribio nayo usiyabebe kama hadithi. Loftus na Palmer, 1974, watu wote wanaijua ile ya magari, lakini ukiulizwa nini kilibadilishwa na nini kilipimwa unaanza kutafuta maneno. Wanafunzi 45 waliona filamu zilezile za ajali, kilichobadilishwa ni kitenzi kimoja tu kwenye swali, hicho ndo kigeu huru, na kilichopimwa ni kasi waliyokadiria, hicho ndo kigeu tegemezi. Walioulizwa magari "yalipogusana" walikadiria wastani wa maili 31.8 kwa saa, walioulizwa "yalipobamizana" wakasema 40.5. Sasa jiulize kama anayeangalia filamu akiwa ametulia chuoni anakumbuka sawa na aliyeshuhudia ajali ya kweli akiwa anatetemeka. Ukiandika hivyo umeshaanza kutathmini, na alama nyingi ziko hapo.

Milgram pia, yule aliyewaamuru watu wampige mwenzao shoti ya umeme kila akikosea jibu, shoti zenyewe za kuigiza ila wao hawakujua. Nimeona wanafunzi wanaandika watu 26 kati ya 40 walifika volti 450, wanamaliza kwa kusema binadamu ni wakatili. Hapana! Milgram alipobadilisha mazingira, mtafiti akatoa amri kwa simu badala ya kukaa chumba kimoja na mshiriki, waliofika mwisho wakashuka mpaka karibu mtu mmoja kati ya watano. Watu walikuwa wa kawaida vilevile, hali ndo iliyobadilika. Somo hili linataka uache kumhukumu mtu haraka hivyo, uangalie kwanza kasimama wapi, nani yuko pembeni yake, nini kinamlipa. Mwanafunzi wa saikolojia anayehukumu watu kwa jicho moja hajaanza kusoma, hata awe na majina mia kichwani.

Mtihani wa mwisho nilipata alama ya juu kuliko wote darasani, na sioni haya kuisema kwa sababu najua nilikotoka. Swali la hofu lilikuwepo. Niliandika kuhusu chumba, tumbo na mlango, mkono haukusimama.

Sasa mdogo wangu, ile karatasi uliyofeli usiitupe. Kila swali ulilokosa liandikie upya kwa tukio lililokupata wewe, taratibu, moja kwa siku inatosha. Na kuna kitu kimoja kwenye meseji yako nimekisoma mara tatu. Umesema mwenzako "hasomi kabisa". Umemwona darasani na labda uwanjani, akiwa peke yake hujamwona, lakini umeshampa tabia ya kudumu, kwamba yeye ni wa kutosoma. Mwanasaikolojia Lee Ross mwaka 1977 aliita hilo kosa la msingi la kutafuta sababu, tunalaumu utu wa mtu na kuisahau hali yake. Huo hapo mfano wako wa kwanza, umeuandika kwa mkono wako mwenyewe. Kesho kamkalie karibu umuulize anasomaje.