Pima kelele za ndege nje na ndani kwa wakati mmoja

Kwa sisi tunaoishi Kiwalani na Kipawa, jirani na Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, ukiulizwa kama madirisha mapya ya kuzuia kelele yamesaidia, jibu la "naona kuna unafuu kidogo" halitoshi kuonyesha kama fedha aliyolipwa fundi wa alumini aliyeyaweka imefanya kazi.

Mimi nilipima kwa simu mbili zenye programu ya kusoma desibeli, yaani kipimo cha ukali wa sauti. Kwanza niliziweka pamoja mezani, na kwa kuwa moja ilisoma juu kuliko mwenzake, tofauti hiyo niliitoa katika kila hesabu iliyofuata. Kisha moja ilikaa nje, kama mita mbili mbele ya dirisha, na nyingine chumbani, mbali na kuta, zote zikisikiliza ndege ileile. Kupima ndani peke yake hupotosha, kwa sababu ndege kubwa ya masafa marefu na ile ya panga boi hazingurumi sawa. Kinachotafutwa ni pengo kati ya nje na ndani, kabla na baada ya kazi. Katikati ya vipimo hivyo usiongeze pazia zito wala godoro, kwani navyo hunywa sauti na kumpa fundi sifa isiyo yake.

Vioo vipya vilileta badiliko dogo. Pengo lilipanuka nilipoziba kwa muda, kwa mbao na matambara, yale matundu ya hewa yanayoachwa juu ya dirisha na kufunikwa wavu wa mbu. Uwazi wa asilimia 1 tu ya ukuta hufanya punguzo lote la sauti kutoka nje hadi ndani lisizidi desibeli 20 hivi, hata sehemu iliyobaki ikiwa zege tupu. (Kuyaziba moja kwa moja kwa joto la Dar es Salaam ni kujitesa, isipokuwa kama una njia nyingine ya kuingiza hewa.)

Desibeli 3 zikipungua, sikio hutambua kwa shida. Zikipungua 10, kelele husikika kama nusu. Nchini Marekani, miradi ya kukinga nyumba dhidi ya kelele inayofadhiliwa na mamlaka ya anga hutakiwa kuongeza punguzo kwa angalau desibeli 5, na kipimo hicho kinafaa hata kwetu.

Ikiwa matundu yamezibwa, mipira ya dirisha inabana, na bado pengo ni dogo, tazama juu: huenda sauti inapita kwenye bati na dari jepesi, na hapo kioo kinene zaidi hakitakusaidia.