Mbwa anakohoa usiku, paka kapooza: maswali yenu kuhusu moyo

Shikamoo daktari. Mbwa wangu mdogo ana miaka 11, anakohoa usiku. Nimpe dawa ya kifua ya watoto? (Msomaji, Tanga)

Marahaba. Usimpe. Mbwa wa umbo dogo wakizeeka, vali ya moyo upande wa kushoto hunenepa ikaacha kufunga vizuri. Damu hurudi nyuma, moyo hutanuka, mwisho mapafu hujaa maji. Kikohozi kina sababu nyingine pia, basi tuanze na hili: akilala fofofo, tazama ubavu wake. Ukipanda na kushuka, hesabu moja. Endelea dakika nzima, uandike. Ikizidi 30 na hali ikajirudia, mpeleke kliniki na karatasi yako. Mimi karatasi hiyo huiamini kuliko "daktari, anahema hema tu". Utafiti wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba dawa ya pimobendani, ikianzwa moyo ukiwa umetanuka lakini mbwa bado hajazidiwa, huchelewesha moyo kushindwa kazi kwa miezi 15 hivi. Akishazidiwa, nafasi hiyo imepita.

Paka wangu kaamka miguu ya nyuma haisogei, analia mno. Jirani anasema kapigwa jiwe. (Msomaji, Mombasa)

Huenda. Ila mshike nyayo. Za nyuma zikiwa baridi kuliko za mbele, na vidole vimepauka, shuku donge la damu lililotoka moyoni likaziba mshipa mkubwa. Maumivu yake hayasemeki: mpeleke sasa hivi, na paracetamol usithubutu, inaua paka. Mara nyingi chanzo ni misuli ya moyo iliyonenepa kimyakimya. Paka mwenye moyo mgonjwa ni nadra kukohoa. Hujificha na kususa chakula. Akihema mdomo wazi ilhali ametulia, hiyo ni dharura.

Paka kula chakula cha mbwa kila siku, kuna ubaya?

Upo. Paka hatengenezi taurini, kirutubisho ambacho moyo wake unakihitaji, ya kumtosha, na chakula cha mbwa si lazima kiwe nayo. Tangu 1987 inajulikana kwamba upungufu wake hulegeza moyo wa paka. Samaki na nyama vinayo.

Eti mbu huleta minyoo ya moyo?

Kweli kabisa. Mnyoo jike hufika sentimita 30, na hukua miezi sita hivi kabla ya kuzaa. Kinga hutolewa kila mwezi, lakini mbwa mkubwa apimwe damu kwanza.