Maswali yenu kuhusu GRE: maneno 3,000, kikokotoo na daftari la makosa

Barua za safari hii karibu zote zinahusu hesabu na lugha ya Kiingereza katika GRE, mtihani ambao baadhi ya vyuo vikuu huutaka kwa waombaji wa masomo ya uzamili. Nimechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi. Waliouliza mtihani ni nini na unasajiliwa wapi, tafadhali someni kwanza maelezo ya waandaaji wenyewe, ETS. Yako wazi na hayalipiwi.

Mwalimu, nina orodha ya maneno 3,000 ya Kiingereza. Nimefika la 900 na zimebaki wiki sita. Niongeze kasi?

Simama hapo ulipo. Orodha hizi ni urithi wa mtihani wa zamani. Maswali ya vinyume na ya mlinganisho wa maneno, ambayo kweli yalimfaa mwenye kukariri, yaliondolewa Agosti 2011. Leo kila neno linakuja ndani ya sentensi au kifungu, na neno gumu silo linalowaangusha wengi. Wanaangushwa na neno wanalodhani wanalijua. "Qualify" kila mtu anasema ni kufuzu. Katika kifungu cha GRE mwandishi akifanya hivyo na dai lake, mara nyingi amelipunguza makali, ameliwekea mipaka. "Sanction" ni kuidhinisha na pia ni kuadhibu, na sentensi peke yake ndiyo itakayokuambia ni lipi. Aliyekariri maana moja kwa kila neno anakosa hapa huku ana uhakika amepata.

Rudi kwenye yale 900. Kila neno litafutie sentensi mbili za waandishi makini, uone linakaa na maneno gani. Kisha kila siku soma makala moja ndefu ya sayansi, historia au sanaa, hasa katika fani usiyoipenda, kwa sababu mtihani hautakuuliza unapenda nini. Ukimaliza aya, ifunike useme, hata kwa Kiswahili, mwandishi anadai nini na anampinga nani. Ukishindwa kusema, ulipitisha macho tu.

Kwenye kujaza nafasi, funika majibu na uweke neno lako mwenyewe kwanza. Sentensi yenyewe hukupa dalili: kiunganishi cha kupinga, nukta mbili, maelezo yanayofuata. Si lazima uanze na nafasi ya kwanza. Anza na ile yenye dalili nzito. Zikiwa nafasi tatu, ukikosa moja umekosa swali zima. Na kwenye yale maswali ya kuchagua maneno mawili kati ya sita, usikimbilie visawe. Mara nyingine wanaweka visawe viwili safi kabisa ambavyo sentensi haivitaki.

Ukikosa swali unakatwa alama?

Hukatwi. Nimelijibu hili mara nyingi kuliko swali lingine lolote, na bado watu wanatoka wameacha maswali matupu. Usiache hata moja.

Mimi ni mhandisi. Hesabu za GRE ni za sekondari, lakini kila jaribio napata 156 au 157 kati ya 170. Tatizo ni nini?

Tatizo ni hiyo sentensi yako, "ni za sekondari". Ni kweli hakuna trigonometria wala kalkulasi. Kuna hesabu za kawaida, aljebra, jometri na uchambuzi wa takwimu. Ndiyo maana wahandisi wanazipita mbio na kuanguka.

Chukua maswali ya kulinganisha, yale ya kusema kipi kikubwa kati ya viwango viwili, A na B. Umeambiwa x ni kubwa kuliko sifuri. Kiwango A ni kipeo cha pili cha x, kiwango B ni x. Mhandisi anaona 5 na 25, anajibu A, anasonga mbele. Jaribu 1: viwango vinalingana. Jaribu nusu: kipeo chake ni robo, na B ndicho kikubwa. Jibu ni kwamba taarifa hazitoshi. Kwa kila swali la namna hii pitisha sifuri, moja, namba hasi na sehemu kama nusu, isipokuwa zile ulizokatazwa. Vivyo hivyo kwenye asilimia: kitu cha 100 kikipanda asilimia 20 kisha kikashuka asilimia 20, kinabaki 96, maana ile 20 ya pili inakatwa kwenye 120. Na kwenye jometri usiamini macho. Pembe inayoonekana ya mraba si ya mraba mpaka uambiwe.

Sasa niseme ninalolisema kila mara: nionyeshe daftari lako la makosa. Wengi hufanya jaribio, hutazama alama, huhuzunika, halafu hufanya jaribio jingine. Huko ni kujipima joto mara kumi bila kunywa dawa. Kila swali ulilokosa, na kila ulilopata kwa kubahatisha, liandike: liliuliza nini, wewe ulifanya nini, ulipaswa kuona nini. Kwa wanafunzi wangu nimepiga marufuku kuandika "uzembe" kama sababu, kwa kuwa uzembe hauna tiba. "Nilisahau kwamba x inaweza kuwa hasi" ina tiba. Baada ya siku tatu lirudie bila kuchungulia. Jaribio la saa mbili linastahili saa nne za kulichambua, na asiye na saa hizo nne asifanye jaribio siku hiyo.

Naruhusiwa kikokotoo?

Kipo kwenye skrini, katika sehemu za hesabu tu. Chako kiache. Ukijikuta unazidisha namba za tarakimu nne, rudi usome swali upya. Karibu kila mara kuna njia fupi iliyokupita. Una wastani wa dakika moja na robo tatu kwa swali la hesabu, na dakika moja na nusu kwa la lugha.

Shikamoo mwalimu. Kuna mtu anauza maswali yaliyovuja ya mwezi huu. Wenzangu wameshanunua. Nifanyeje?

Marahaba. Usinunue, na waambie wenzako nimesema hivyo. Ama atakuuzia maswali ya kubuni na fedha yako imekwenda, ama ni ya kweli na matokeo yako yanaweza kufutwa. ETS wenyewe wanatoa majaribio mawili kamili ya mazoezi, yaitwayo POWERPREP, bila malipo, na ndiyo yanayofanana zaidi na mtihani. Lifanye moja mwanzoni, la pili wiki mbili kabla ya siku yako. Inaniuma kuona watu wananunua vya wizi kabla hawajagusa walivyopewa bure.

Nifanyie nyumbani au kituoni?

Kama una chumba chenye mlango unaofungika na intaneti isiyokatika, nyumbani panafaa. Ila huruhusiwi karatasi ya kawaida. Utaandika kwenye ubao mdogo mweupe au karatasi iliyo ndani ya mfuko wa plastiki angavu, kwa kalamu inayofutika. Fanyia mazoezi ya hesabu humo mwezi mzima. Ukishindwa kuzoea, nenda kituoni.

Nimepata 158 lugha na 161 hesabu. Nirudie?

Programu ya masomo unayoomba inataka ngapi? Hukuandika, na bila hilo sina jibu. Programu nyingi siku hizi hazidai GRE kabisa, kwa hiyo hakikisha kwanza kwamba inahitajika. Kurudia kunaruhusiwa kila baada ya siku 21, hadi mara tano ndani ya miezi 12, na matokeo hudumu miaka mitano. Lakini kama hujajua ulikosea wapi, siku 21 zitakurudisha palepale.

Sehemu ya pili ya hesabu au ya lugha ikija ngumu, maana yake nimefanya vizuri ya kwanza?

Huenda, kwa sababu ya pili hupangwa kulingana na ulivyofanya ya kwanza. Lakini wakati unaoutumia kukisia hilo ni wa swali lililo mbele yako.

Tangu 2023 mtihani umefupishwa. Nianze mazoezi na hesabu au lugha?

Zote, kila siku, na ubadilishe mpangilio. Insha ya dakika 30 ndiyo hutangulia daima, lakini sehemu za hesabu na lugha zinaweza kuja kwa mpangilio wowote, na hakuna mapumziko katikati. Ni saa moja na dakika 58 mfululizo, hivyo walau mara moja kwa wiki kaa muda huohuo bila kunyanyuka na bila simu.